Tarvaga Asiyekimbia

Kila asubuhi kabla jua halijapanda juu ya kilima, Solongo na mama yake waliwafunga mbuzi kwa kamba moja ndefu, safu mbili zikitazamana kichwa kwa kichwa, kisha wakaanza kukamua kwa nyuma. Majira hayo ya joto kazi ilikuwa ya Solongo karibu peke yake. Mama yake, Dulmaa, alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, na akichuchumaa hakuweza kuinuka bila kushikwa mkono. Basi alisimama kando na ndoo, akimtania binti yake.

"Mvute polepole huyo mbuzi. Hajakukosea kitu."

Solongo alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule zingefunguliwa mwezi wa Septemba naye angerudi bwenini, lakini kabla ya hapo palikuwa na jambo lililowanyima usingizi watu wote wa hema lile. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Tabibu Norjmaa, aliyezungukia kambi za wafugaji kwa pikipiki, alikuwa amempima Dulmaa mara tatu, na mara zote tatu alikuta kichwa cha mtoto kiko ubavuni badala ya kuelekea chini. Akaandika katika daftari la kliniki, lile la rangi ya waridi, kwamba mama huyu azalie hospitali ya mkoa, na kwamba kufikia tarehe ishirini Agosti awe ameshafika katika nyumba ya wajawazito iliyo jirani na hospitali hiyo.

"Mtoto aliyelala hivi hatoki mwenyewe," alimwambia baba yake Solongo bila kuzungukazunguka. "Uchungu ukimkuta huku nyikani, utawakosa wote wawili."

Bibi Khorloo, mama mzaa baba, hakulipenda daftari lile hata kidogo. Kwake yeye mambo ya mtoto asiyezaliwa hayasemwi ovyo, sembuse kuandikwa kwa wino. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumshonea mtoto hata kofia, kwa sababu maradhi yana masikio. Bibi alikuwa na ushahidi wake, na ushahidi huo ulikuwa mwanawe mwenyewe. Watoto wawili walimtangulia baba yake Solongo na wote walikufa wachanga. Wa tatu alipozaliwa, Bibi alimpa jina la Enebish, yaani "Siye Huyu", ili maradhi yakija kumtafuta yaambiwe siye huyu, yaende zao. Na tazama sasa, mtu mzima wa miaka arobaini, anabeba kondoo dume begani. Solongo alikua na hadithi hiyo. Aliamini kwamba ukitaka kumlinda mtoto, unadanganya kidogo, na wala hakuona ubaya wake.

Siku tatu kabla ya safari, Baba Mdogo Zorig, mdogo wake Enebish, alimchukua Solongo wakatafute farasi waliopotea. Nyuma ya mlima wakamkuta tarvaga. Tarvaga ni mnyama wa mashimoni, mnene, mwenye manyoya ya hudhurungi, na kwa kawaida akisikia kwato za farasi tu huwa ameshapiga mluzi na kuzama ardhini. Huyu hakupiga mluzi. Alikaa mlangoni pa shimo lake akiyumba kama mlevi, akawatazama mpaka wakamfikia. Baba Mdogo hakutumia hata risasi. Alishuka, akampiga fimbo moja, akamtia guniani upesi kwa sababu serikali ilikuwa imekataza kuwawinda.

"Leo riziki imetungoja yenyewe," alisema huku akicheka.

Solongo hakucheka. Mwalimu Bolor, mwalimu wao wa darasa, aliwaimbisha maneno haya kila walipofunga shule: tarvaga asipokukimbia, mkimbie wewe. Lakini Baba Mdogo alikuwa mtu mzima, tena mwindaji tangu ujana wake. Huenda alijua jambo ambalo Mwalimu hakulijua. Solongo akanyamaza, na walipofika nyumbani akamshika yule mnyama miguu wakati anachunwa ngozi.

Bibi alifurahi mno. Kwa mkono wake mwenyewe alitafuta kile kipande kidogo chini ya bega ambacho wazee hukiita nyama ya mtu, kwa kuwa zamani za kale tarvaga alikuwa mwanadamu mpiga mishale. Nyama hiyo hailiwi. Akaikata, akaitupa mbali.

"Haya, ya mtu nimeshaitoa," akasema. "Iliyobaki ni safi."

Kisha akamletea mkwewe figo mbichi, ikiwa bado na joto, impe nguvu za kuzaa. Dulmaa aliitazama, akamtazama mama mkwe, akafumba macho na kuimeza. Heshima ina gharama zake.

Siku ya pili yake redio ikasema kuna tauni. Mchungaji mmoja wa wilaya jirani alikuwa amekufa baada ya kula tarvaga, na mkewe alikuwa mahututi. Barabara zote za kuingia mjini zilifungwa. Enebish alipanda na Solongo juu ya kilima, mahali pekee ambapo simu ilipata mawimbi, na ujumbe mwingi ukaingia kwa mkupuo. Mmoja ulisema hakuna gari litakalopita isipokuwa la mgonjwa. Wa pili ulisema wagonjwa wasisafiri, wabaki walipo. Wa tatu ulisema wajawazito wataendelea kupokelewa kama kawaida. Wa nne ulitoka kwa binamu yake aliyeko mjini, naye aliapa kwamba kila aliyegusa tarvaga anafungiwa katika ukumbi wa shule, wakunga hawaruhusiwi kuingia, na kwamba mwanamke mmoja amejifungulia sakafuni peke yake.

Enebish aliusoma wote mara mbili, kisha akaketi juu ya jiwe. Solongo akamwuliza upi ni wa kweli.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Solongo hakuwahi kumsikia baba yake akilitamka neno hilo kwa sauti ya namna ile. Aliteremka kilima akiwa na kichwa kizito. Kama wajawazito wanapokelewa, kwa nini yule alijifungulia sakafuni? Kama mgonjwa haruhusiwi kutoka, gari la mgonjwa ni la kumbeba nani? Kila alipoushika uzi mmoja, mwingine ulifumuka.

Mchana huo watu wazima wakakubaliana. Ngozi ya tarvaga ikazikwa nyuma ya zizi, na neno likawa moja: hatujamwona tarvaga mwaka huu. Baba Mdogo alilisema. Bibi akalisema bila shida yoyote, kama mtu anayesema jina la mwanawe. Enebish alilisema akitazama chini. Kisha akamgeukia Solongo, akamwambia kwamba maisha ya mama yake yako katika ulimi wake, asije akateleza.

"Umemwona tarvaga?" akamjaribu.

"Sijamwona, Baba."

Dulmaa alikuwa akivitazama viganja vyake.

Kesho yake wakasikia pikipiki, kisha sauti ikiita kutoka mbali washike mbwa. Solongo alimkamata mbwa shingoni. Tabibu Norjmaa alisimama hatua kumi kutoka mlangoni, akiwa amejifunika pua na mdomo, na alipokaribishwa chai ya maziwa aliikataa. Tangu azaliwe Solongo hakuwahi kuona mgeni akikataa chai. Hilo nalo likamvuruga, hakujua kama Tabibu amewakasirikia au anawaogopa.

Tabibu aliuliza kama kuna mwenye homa. Hakuna. Aliuliza kama kuna aliyekula, aliyegusa au aliyechuna tarvaga katika siku kumi zilizopita.

"Hatujamwona tarvaga mwaka huu," alisema Enebish.

Tabibu alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, halafu akatoa karatasi na kuandika kibali cha Dulmaa kupita kizuizini siku inayofuata. Akaiweka chini na kuibana kwa jiwe. Uso wa Enebish ukalegea kwa shukrani. Mambo yalikuwa yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Hapo Tabibu, akivaa glavu zake, akamgeukia Solongo kwa wema.

"Mama yako hatakuwa mpweke. Wako wanawake kumi na mmoja pale nyumba ya wajawazito. Hata mwalimu wako Bolor yuko huko tangu juma lililopita. Wanalala chumba kimoja, wanapika pamoja."

Akawasha pikipiki na kuondoka.

Solongo alibaki amemshika mbwa. Kumi na mmoja. Chumba kimoja. Ikiwa tarvaga yule alikuwa mgonjwa, basi kesho mama yake angeupeleka ugonjwa mpaka kitandani kwa Mwalimu Bolor, na kwa wanawake wengine kumi, na kwa watoto wao ambao hawakuwa wamepewa hata majina. Lakini akisema, mama atafungiwa ukumbini, na mtoto aliyekingama hatoki mwenyewe. Akinyamaza ni vibaya, akisema ni vibaya. Alitamani mtu mzima mmoja amwambie la kufanya, na watu wazima wote aliokuwa nao walikuwa wameshamwambia.

Alimwachia mbwa, akakimbia.

Hakukimbia kwa kuwa alikuwa ameamua. Nitakuwa mwongo nikisema hivyo. Alikimbia kwa sababu pikipiki ilikuwa ikienda zake, na alijua kwamba kwenye kijito Tabibu hushuka na kuisukuma. Alimkuta katikati ya maji, suruali imekunjwa magotini.

"Usinikaribie sana, mwanangu," Tabibu alisema. "Kuna nini?"

Solongo alihema mpaka akaweza kusema. Hakusema alichokusudia, akauliza swali. "Mtu akiwa amegusa tarvaga, na ana mimba, ni kweli mnamfungia bila mkunga?"

Tabibu aliacha kuisukuma pikipiki. Maji yakawa yanampita miguuni.

"Nani kasema hivyo?"

"Simu ya Baba. Simu inasema mengi. Sijui lipi ni lipi."

"Hata mimi simu yangu inasema mengi," alisema Tabibu, na kwa mara ya kwanza akaonekana amechoka. "Sikiliza nikwambie ninalolijua kwa macho yangu. Hospitali ya mkoa imetenga chumba upande wa nyuma, chenye mlango wake. Kina kitanda cha kuzalia, kina mkunga na daktari wa upasuaji wanaovaa mavazi ya kujikinga. Mjamzito aliyegusa tarvaga hapelekwi ukumbini. Anapelekwa pale, anapewa dawa tangu siku ya kwanza. Lakini chumba hicho siwezi kukiombea mtu ambaye ameniambia hana haja nacho."

Solongo akaanza kulia. Akasema yote huku analia: tarvaga aliyeyumba, fimbo, miguu aliyoishika, nyama ya mtu iliyotupwa, figo aliyomeza mama, ngozi iliyozikwa nyuma ya zizi. Akasema pia kwamba baba yake atamchukia.

Tabibu alimwuliza jambo moja tu: huyo tarvaga hakukimbia kabisa? Solongo akajibu kwamba hakukimbia. Tabibu akaigeuza pikipiki.

Waliporudi, Enebish alikuwa amesimama nje na kibali mkononi. Alielewa kabla hajaambiwa. Alimtazama binti yake kwa jicho ambalo Solongo hakulisahau kwa muda mrefu, kisha akaanza kumfokea kwamba amemuua mama yake. Baba Mdogo akasema mtoto ameota, watoto huota. Bibi akasisitiza kwamba nyama ya mtu alikwisha kuitoa, kwa hiyo ugonjwa ungepitia wapi?

Dulmaa ndiye aliyewanyamazisha. Alitoka hemani taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Nilimeza figo, Tabibu," alisema. "Tangu siku ile sijalala. Asante, mwanangu. Mimi sikuwa na ujasiri huo."

Tabibu hakumgombeza mtu. Aliwaeleza wote, akarudia mara mbili kwa ajili ya Bibi, kwamba tauni inakaa katika damu na viroboto wa mnyama, haikai kwenye kipande kimoja chini ya bega, na kisu cha Bibi hakingeweza kuitenga. Akagawa vidonge. Akafunga kamba kuzunguka hema, akawaambia kwamba kwa siku sita hakuna atakayeivuka. Kisha akapanda kilimani kupiga simu, na kabla ya machweo gari la hospitali likafika na watu waliovaa nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni. Dulmaa alipanda mwenyewe. Hakumbusu mtu yeyote, kwa kuwa haikuruhusiwa, ila aliinua daftari la waridi akampungia nalo Solongo.

Zile siku sita zilikuwa ndefu. Enebish hakumsemesha binti yake. Walikula pamoja, wakakamua pamoja. Solongo hakujua bado kama alikuwa ametenda jema au la. Mara nyingine, akiwa katikati ya safu za mbuzi, aliiona picha ya mama yake yuko sakafuni peke yake, akaacha kukamua.

Siku ya tatu Baba Mdogo Zorig akaamka akitetemeka kwa homa, na uvimbe mkubwa kama yai la bata kwapani. Tabibu, aliyekuja kila siku kuwapima joto, alimchoma sindano papo hapo na kuita gari. Hakuna aliyesema tena kwamba mtoto ameota. Enebish alisimama kwenye kamba akilitazama gari linavyotokomea na mdogo wake ndani, halafu akamgeukia Solongo.

"Zorig angekufa bila dawa, na mimi ndiye niliyekwambia unyamaze," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa."

Siku ya tano Tabibu aliteremka kilimani akikimbia, jambo ambalo watu wa umri wake hawalifanyi. Dulmaa alikuwa amefanyiwa upasuaji asubuhi. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, analia kwa nguvu. Mama hana homa. Zorig naye amekula supu. Na katika nyumba ya wajawazito hakuna hata mmoja aliyeugua. Mwalimu Bolor alikuwa amejifungua salama juzi.

Enebish akaketi chini palepale kwenye majani, akalia mbele ya mama yake na mbele ya binti yake bila kuona haya. Alipotulia alimwambia Tabibu kwamba alidanganya kwa kutaka kumlinda mkewe.

"Najua," Tabibu alisema. Alikaa upande wa pili wa kamba. "Wakati wa maradhi ya kuambukiza kila mtu anaogopa, na habari zinachanganyana mpaka mtu hajui ashike lipi. Wala sisi hatukuwatendea haki. Tulifunga barabara kabla hatujawaeleza wajawazito wapite wapi, na hilo nitalisema mkutanoni. Lakini mama mjamzito ana haki ya mkunga hata barabara zikifungwa zote, hata akiwa ameugua. Haki hiyo haipotei kwa kusema ukweli. Huenda ikapotea kwa kuuficha, maana mimi nitampeleka mahali pasipomfaa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Solongo, hukujua utakachokipata uliponifuata kijitoni. Ulikuwa umechanganyikiwa kuliko sisi sote, na bado ukaja kuuliza. Siku nyingine, usipojua lipi ni kweli, fanya vilevile. Muulize anayejua, na umwambie yote."

Solongo alitikisa kichwa kukubali. Moyo wake, uliokuwa umekunjwa siku zote hizo, ukakunjuka.

Bibi Khorloo alisikiliza yote. Wote walijua kwamba alikuwa ameshamwekea mjukuu jina, Nergui, yaani "Asiye na Jina", ili maradhi yakose wa kumwita. Hakulitaja siku ile, wala siku zilizofuata.

Dulmaa alirudi mwanzoni mwa Septemba, njia zilipofunguliwa. Juma hilohilo Tabibu Norjmaa alikuja kumpima mtoto, na kama kawaida aliita kutoka mbali washike mbwa. Safari hii hakuwa amejifunika uso. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kichanga kifuani, na Solongo pembeni yake na begi la shule. Tabibu aliwaona, akazima pikipiki.

"Ndiye yule aliyekingama?" akauliza.

Solongo alimtazama Bibi, akasubiri. Kizee kile kilimfunua mtoto uso, kikamwinua juu mahali ambapo kila mtu angemwona, na kama maradhi nayo yalikuwa yakisikiliza, basi yasikie.

"Ndiye huyu," akasema.